Mama Yangu Ana Mchumba, na Nyinyi Mnacheka Nini?

Wacha nianze na kosa langu mwenyewe, ndio msiseme nimekuja hapa kuwahubiria.

Mwaka jana nilitengeneza video. Wengi wenu mliiona, kwa sababu ndiyo iliyoniletea karibu nusu ya wafuasi nilio nao sai. Nimejifunga leso ya mama kichwani, shanga shingoni, miwani ya kusoma imeshuka mpaka ncha ya pua. Naigiza mama wa miaka hamsini aliyepata meseji ya mapenzi. Anaishika simu mbali na uso, anasoma neno moja moja kwa sauti, halafu anajifunika na leso kama msichana wa darasa la nane. Mwisho anatafuta emoji ya moyo, anabonyeza ya kinyesi, anaituma, anapiga nduru.

Mlicheka. Mkaituma kwa magrupu ya familia. Mimi nikajiona nimefika.

Kitu sikuwaambia ni kwamba sikuibuni. Nilikuwa nimemwona mama yangu akifanya hivyo jikoni kwetu Kanamkemer, hapa Lodwar, saa tatu usiku, akidhani nimelala. Tofauti ni hiyo emoji tu. Yeye moyo aliupata mara ya kwanza.

Video ilimfikia sokoni. Msichana mmoja wa duka la simu alimwita, "Ata, kuja uone vile kijana wako anajua kuchekesha watu." Ata ni nyanya, kwa wale hamjui Kiturkana, mama siku hizi kila mtoto anamwita hivyo. Aliitazama mpaka mwisho. Jioni akarudi nyumbani, akanipakulia chakula kama kawaida, akaniambia kitu kimoja tu: "Hiyo leso uirudishe pale ulipoitoa."

Basi. Hakuniuliza kitu, hakupaza sauti. Lakini kwa wiki sita simu yake haikulia usiku. Alikuwa anaizima saa mbili na kwenda kulala.

Ndio nikaanza kujiuliza: ni nani alinifundisha kwamba mama yangu kupendwa ni kichekesho? Nimefikiria sana, na jibu ni hadithi. Hizi hadithi za mapenzi tunazosoma, tunazotazama, na ambazo mimi mwenyewe nimewauzia, zimetuambia mapenzi yana miaka yake, na ukishapita hapo wewe ni mchekeshaji au ni aibu. Leo nataka kusema huo ni uongo, na nitasema kwa nini.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Chukua hadithi yoyote ya mapenzi. Ile ya WhatsApp yenye sehemu mia na ishirini. Maria, iliyoanza Citizen TV mwaka 2019, ambayo jioni ilikuwa inanyamazisha plot yetu nzima. Ile riwaya ya Mills & Boon isiyo na jalada ambayo dada yangu alirudi nayo kutoka bweni. Hiyo kampuni ilianzishwa London mwaka 1908, na vitabu vyake bado vinapangwa kwa gunia kando ya barabara Nairobi. Unaijua hiyo hadithi hata bila kuisoma. Msichana ana kama miaka 19 hadi 24. Hana mtoto, hana deni, mara nyingi hana hata wazazi. Mwanaume ana pesa na hasira. Wanagombana, wanapendana, mtu anaingilia, wanaachana, mvua inanyesha, wanakumbatiana kwa mvua, harusi. Mwisho.

(Kama lazima mvua inyeshe ndio watu wabusiane, sisi wa Lodwar tungekuwa tumeisha zamani.)

Sasa niambie, kwa hiyo hadithi mwanamke wa miaka hamsini yuko wapi? Yuko, na ana kazi tatu za kuchagua. Anaweza kuwa mama mkwe mbaya. Anaweza kuwa mama mgonjwa anayehitaji pesa za operesheni, ili binti yake apate sababu ya kuingia kwa nyumba ya tajiri. Au anaweza kuwa mama wa maombi anayetokea mwishoni, analia kwa furaha kanisani, anakumbatia bibi harusi, anaondoka. Na mwanaume wa hamsini na kitu? Huyo ni sponsa. Yuko hapo kuharibu masomo ya wasichana.

Mwanaume wa miaka 56 anayempenda mwanamke wa miaka 49, anamuuliza ameamkaje, anamwekea kiti kivulini, hayuko popote. Hatujamwandika.

Nasema "hatujamwandika" kwa sababu na mimi nimo. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, kabla video hazijaniingizia chochote, nilikuwa nauza hadithi kwa simu. Shilingi kumi kwa sehemu. Unatuma pesa, naachilia sehemu inayofuata. Niliandika sehemu themanini na nne za msichana wa Kitale na mwanajeshi. Mama ya huyo msichana nilimuua sehemu ya tatu. Mnajua kwa nini? Alikuwa ananisumbua. Kila nikitaka binti atoke usiku, mama anauliza anaenda wapi. Nikamletea ugonjwa, nikamzika, nikaendelea na kazi. Hakuna msomaji hata mmoja aliyelalamika.

Na hakuna sheria iliyonilazimisha. Chama cha waandishi wa hadithi za mapenzi kule Marekani, Romance Writers of America, kimetaja masharti mawili tu ya hii aina ya hadithi: mapenzi yawe ndiyo kiini, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Umri haujatajwa. Watoto hawajatajwa. Dawa za presha hazijakatazwa. Hayo mengine tumejiongezea sisi.

Hata vitabu vikubwa vina ujanja wao. Kuna kimoja nilikisoma kwa maktaba ya chuo wakati nilipaswa kuwa darasani, Love in the Time of Cholera cha Gabriel García Márquez, kilichotoka mwaka 1985. Florentino Ariza anamngoja Fermina Daza miaka 51, miezi 9 na siku 4, na wanapokuja kuwa pamoja wote wawili wameshapita sabini. Nilikipenda sana. Lakini angalia vizuri: walipendana wakiwa vijana. Yaani uzee wao tunauvumilia kwa sababu mapenzi yenyewe ni ya ujana, yaliwekwa akiba tu. Mama yangu hakuwa na akiba yoyote. Huyu mtu alimjua akiwa na miaka 47. Mapenzi yenyewe yalianza hapo, na mguu tayari ulikuwa unauma.

Wacha niwaambie vile ilikuwa, kwa ruhusa yake. Nimeomba, na amenikatia vitu viwili ambavyo sitasema.

Mama anauza samaki wakavu. Anawachukua Kalokol, kando ya ziwa, anawaleta Lodwar, na kila Alhamisi anapanda gari kwenda Kakuma. Ni kama kilomita 120. Kakuma ni soko zuri la samaki kwa sababu ya kambi. Kambi imekuwepo tangu 1992, na mwaka 2016 ikaongezewa makazi ya Kalobeyei pale karibu. Watu wa Kongo wanapenda samaki mkavu kuliko nyama yoyote unayoweza kuwapatia.

Siku moja gunia lake lilipasuka kwa njia. Akalipeleka kwa fundi wa cherehani, Mkongo wa kutoka Kivu, mfiwa, watoto wake wakubwa na mmoja ameshapelekwa Marekani. Fundi akalishona na uzi wa mara mbili, akakataa pesa. Alhamisi iliyofuata mama akampelekea samaki wawili, kwa sababu hapendi deni. Fundi akasema hao samaki wamezidi bei ya kazi, kwa hivyo sasa yeye ndiye ana deni. Akashona kamba ya mkoba. Mama akaleta samaki. Wamekuwa wakilipana hivyo kwa miaka miwili, na hesabu bado haijafungwa.

Hakuna mvua hapo, na hakuna mtu aliyeokolewa kutoka kwa simba. Kulikuwa na gunia.

Na hata lugha si moja. Kiswahili cha mama ni cha sokoni. Alikijifunza akiwa mkubwa. Cha fundi ni cha Kongo. Meseji ya kwanza iliyokuwa na uzito ilisema "mapendo", na mama akadhani amekosea kuandika "mapenzi". Akamrekebisha. Fundi akajibu kwamba kwao ndivyo linavyosemwa. Wakabishana juu ya hilo neno kwa siku tatu. Hiyo ndiyo meseji niliyomwona akisoma jikoni. Mimi nilichoona ni mama hajui simu. Kumbe alikuwa anajifunza neno.

Sasa niwapeleke mahali ambapo nadhani sisi Waturkana tungeweza kuwafundisha hao waandishi wa riwaya.

Kwa riwaya, harusi ni mwisho. Wakishavishana pete, kitabu kinafungwa. Kwetu haiendi hivyo. Mtu anaweza kukaa na mwanamke, wakazaa, watoto wakaanza shule, na ndoa bado haijakamilika. Akuuta, yaani harusi yenyewe, ile fahali anauawa nyumbani kwa kina bibi harusi, inangoja mifugo. Ngamia, ng'ombe, mbuzi, na hawatoki kwa mtu mmoja. Baba anatoa, wajomba wanatoa, marafiki wanatoa. Hiyo inaweza kuchukua miaka. Mbuzi wakifa, harusi inasogea mbele, na mnakumbuka ile misimu mitano ya mvua iliyokosa mfululizo kuanzia mwisho wa 2020. Kwa hivyo hapa unaweza kuona bibi harusi mwenye mikunjo usoni, na watoto wake wakubwa wanachota maji ya sherehe ya mama yao. Hakuna anayemcheka. Wanamwimbia.

Yaani huku kwetu, kabla hata Mills & Boon kuzaliwa, tulikuwa tunajua mwanamke mwenye watoto anaweza kuwa bibi harusi. Sisi vijana ndio tumesahau, kwa sababu tumelelewa na tamthilia.

Lakini sitaipaka mila rangi. Kwa sababu hiyo hiyo mila ina upande mwingine, na mimi nimeuonja. Mifugo isipotolewa, watoto wanahesabiwa kwa upande wa mama, kwa babu mzaa mama. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tano, kabla hajamaliza kulipa. Kwa hesabu ya wajomba zangu, mama yangu, mwenye watoto wanne na mjukuu mmoja, hajawahi kuolewa. Bado ni msichana wa kwao. Mjomba mkubwa aliposikia habari za fundi hakukasirika hata kidogo. Alifurahi. Alisema, "Vizuri. Alete ngamia."

Ngamia! Kutoka kwa mtu anayeishi kambini, ambaye mali yake ni cherehani moja na viti viwili. Mtu ambaye hata kuja Lodwar kunywa chai kwetu hawezi bila kibali cha kutoka kambini. Ndio maana ni mama anayeenda, kila mara. Kwa hadithi zetu ni mwanaume anayekuja mbio uwanja wa ndege kumzuia mpenzi asiondoke. Hapa mwanaume hawezi kutoka, na mwanamke anapanda probox na magunia matatu ya samaki. Nani angeandika hiyo? Mimi singeandika. Sai naona ndiyo ningepaswa kuandika.

Halafu kuna wale wanasema, huyo ni mkimbizi, anatafuta kitambulisho. Dada yangu alisema hivyo. Mimi pia nilisema, tena kwa sauti, mbele ya mama. Wacha tulijibu kwa heshima, kwa sababu si swali la kijinga. Kuna wamama wametapeliwa, wametoa akiba ya chama kwa mtu aliyewaambia maneno matamu, na hakuna aliyewasaidia kuirudisha. Kumpenda mzazi wako ni pamoja na kuangalia asiibiwe.

Kwa hivyo nilifanya kile ningepaswa kufanya kabla ya video. Nilipanda gari Alhamisi moja, wakati ule mama alikuwa ameacha kwenda, nikamtafuta fundi. Nilimkuta anashona sare za shule. Nikamsalimia, nikakaa kwa kile kiti cha pili, nikamwambia moja kwa moja: "Mzee, watu kwetu wanasema unatafuta kitambulisho."

Alisimamisha mashine. Hakukasirika. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 15, inasema mtu aliyeoana na raia kwa miaka isiyopungua saba anaweza kuomba uraia. Yeye alikuwa anaijua hiyo saba kuniliko. "Mwana yangu," akasema, "niko na miaka makumi tano na sita. Ongeza saba. Hiyo kitambulisho nitapeleka wapi?"

Nikakosa la kusema. Na sikuwa nimeshawishika bado, msidhani mimi ni mwepesi hivyo. Mtu anaweza kuwa na jibu zuri na bado awe mwongo. Lakini kabla sijaamka aliniuliza swali lake: "Ule muguu wa mama yako, unamuuma tena?"

Wasee, nilikuwa sijui mama ana mguu unaomuuma. Naishi naye nyumba moja. Nimemrekodi akitembea, nimemwiga vile anatembea, watu wamecheka vile anatembea. Na mtu aliye kilomita 120 kutoka hapa, ambaye hajaruhusiwa kukanyaga kwetu, ndiye aliyejua ni kwa nini anatembea hivyo.

Sikusema nimepata ushahidi wa mapenzi ya kweli. Nilichopata ni ushahidi kwamba mmoja wetu alikuwa anamwangalia mama, na hakuwa mimi.

Najua hoja nyingine inakuja: kila kitu kina wakati wake, wazee wakae kama wazee. Sawa. Lakini hiyo sheria tunaitumia kwa nani? Jomo Kenyatta alizuiliwa hapa hapa Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961. Alikuwa ameshapita miaka sitini, na Mama Ngina, ambaye hakuwa amefika thelathini, alikuja kukaa naye hapa. Tunafundishwa hiyo kama historia ya taifa, na ni historia kweli. Hakuna mwalimu anayecheka akifika hapo.

Halafu mwangalie Wambui Otieno. Huyu mama alipigania uhuru na Mau Mau. Mwaka 1987 Kenya nzima ilifuata kesi yake ya kutaka kumzika mumewe, S. M. Otieno, akashindwa. Julai 2003, akiwa na miaka 67, aliolewa na Peter Mbugua, mwashi, kijana wa miaka ishirini na kitu. Mimi nilikuwa nikibebwa mgongoni wakati huo, lakini ukiuliza mtu mzima yeyote leo atakuambia alikuwa wapi aliposikia. Nchi ilipasuka kwa kicheko. Walisema amerogwa, walisema kijana anataka mali, hata ndani ya familia kulikuwa na waliopinga. Wakakaa pamoja hivyo hivyo mpaka alipofariki Agosti 2011. Miaka minane. Kuna ndoa za vijana zilizofungwa kwa helikopta ambazo hazikufika miaka minane.

Mzee na mwanamke mdogo, historia. Mama na mwanaume mdogo, kashfa. Mama na mwanaume wa rika lake, kichekesho, tena cha kwangu. Mkiangalia hapo mtaona tatizo halikuwa umri. Ni nani anaruhusiwa kutaka kitu.

Sheria yenyewe haina shida. Sheria ya Ndoa ya 2014 imeweka miaka 18 kuwa ya kuanzia. Ya kumalizia haijaandikwa.

Sasa mnauliza, watafunga ndoa lini? Nilimuuliza mama hivyo hivyo, na nilikuwa nimeshapanga kichwani vile nitairekodi. Aliniangalia kama mtu aliyeuliza bei ya samaki asiye wa kuuzwa. "Mimi sitaki mtu wa kumpikia," akasema. "Nimepika miaka thelathini. Nataka mtu wa kuniuliza samaki wameendaje."

Hataki kuhamia kambini. Hataki fundi ahamie Kanamkemer hata kama angepewa kibali kesho. Mjomba anataka ngamia, kanisa linataka pete, nyinyi mnataka harusi, na mama anataka Alhamisi. Na hapo ndipo nilielewa kwamba hata mimi nikijaribu kumwandika vizuri, ningemharibu. Ningempeleka mbio kwa harusi kwa sababu ndipo mahali pekee ninapojua pa kufungia hadithi. Mwisho wa kuridhisha, sawa. Lakini unaridhisha nani? Kuna watu wameshakuwa na nyumba, watoto, matanga, madeni. Wameshamaliza vile vitu hadithi zetu zinakimbilia. Wao sasa wanatafuta kile kinachobaki, na labda hicho ndicho kilikuwa mapenzi tangu mwanzo.

Kitu kimoja cha mwisho, kigumu kidogo kwangu.

Nilipoacha chuo, kila mtu alikuwa na maoni. Majirani, wajomba, walimu wangu wa zamani. Nilikuwa na miaka 20 na watu walikuwa wananiongelea kama marehemu: "Alikuwa kijana mwerevu." Kwa sababu kuna mpangilio, si ndio? Shule, chuo, kazi, harusi, nyumba. Ukiruka hatua moja, hadithi yako imeisha. Mama ndiye aliyeuza samaki kulipa karo yangu, kwa hivyo ni yeye peke yake aliyekuwa na haki ya kunicheka. Nilipofika nyumbani na sanduku, alisema, "Keti ule." Hajawahi kulitaja tena.

Mtu aliyeniruhusu kuishi nje ya mpangilio ndiye nilimchekesha dunia kwa kutoka nje ya mpangilio.

Video nimeifuta. Najua kuna nakala zinazunguka, ukitumiwa, usiipitishe. Siku niliporudi kutoka Kakuma nilimkuta mama anapanga samaki. Nikamwambia samahani, na haikutoka vizuri, kwa sababu kwa kamera naweza kuongea saa nzima lakini kwa mama yangu sina maneno. Halafu nikamwambia, "Fundi anauliza mguu." Akanyamaza. Akaendelea kupanga samaki, wakubwa chini, wadogo juu. Baada ya muda akasema, bila kuniangalia, "Niwekee bando."

Nimeanza hadithi mpya. Ni ya shilingi kumi kwa sehemu, kama zamani. Mwanamke ana miaka 51, anauza makaa, ana watoto watano na mmoja wao ni mjinga sana. Huyo nimemjua vizuri kwa hivyo ananitoka rahisi. Hakuna mtu anayekufa sehemu ya tatu. Sehemu ya kwanza ilisomwa na watu kumi na wanane, na mmoja akaniandikia kuuliza msichana ataingia lini. Nikamjibu ameshaingia, ndiye huyo anayeuza makaa.

Nyinyi mnaotengeneza skiti, mnaoandika, mnaoimba: sisemi muache kuchekesha na wazee. Mama mwenyewe ni mcheshi kuniliko. Nasema kabla hujavaa leso ya mtu, jua kwanza anaumwa wapi.

Na wewe mwingine unayesoma hii ukiwa kwa kitanda na simu usoni: mama yako au baba yako akikuambia kesho kuna mtu, utasema nini? Usinijibu mimi. Lala nalo kwanza. Mimi nilijibu haraka, na iligharimu nyumba yetu wiki sita za kimya.

Leo ni Alhamisi. Ameondoka saa kumi na moja asubuhi, magunia matatu. Nimembebea mpaka stage.